Tarumbeta la Pili

Niliingia Jeddah kama dereva wa kampuni. Kupuliza tarumbeta nilikuwa nimejifunza Nairobi, katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Nilipanga chumba Sharafiya, kaskazini mwa mji wa kale wa Balad, mtaa wa hoteli za Wahindi wa Malabar na maduka ya kusafirisha mizigo. Tarumbeta langu lilikaa chini ya kitanda. Muziki wakati ule ulikuwa wa ndani ya nyumba, na wanafunzi wangu wa kwanza niliwafundisha madirisha yamefungwa. Mwimbaji wa Saudia Mohammed Abdu alipoimba hadharani Jeddah Januari 2017, na leseni za kwanza za vyuo vya muziki zilipotolewa mwishoni mwa 2020, wazazi wakaanza kunipigia simu bila kunong'ona.

Swali lao kubwa lilikuwa tarumbeta la pili. La kwanza ni la kujaribu tu, mtoto akichoka halikuumizi sana. La pili ni pesa nzito.

Mhandisi mmoja wa Mombasa aliniita kwa ajili ya mwanawe wa miaka 14. Kijana alikuwa amelizidi tarumbeta lake. Noti ya chini inayobonyezwa kwa vali ya kwanza na ya tatu hupanda mno katika karibu kila tarumbeta, na mpigaji huishusha kwa kusukuma nje bomba dogo la vali ya tatu. Bomba la kijana lilikuwa gumu kusogea, naye akawa anaishusha kwa midomo. Kufika nusu ya wimbo, midomo imekwisha.

"Mwalimu, mimi nataka tarumbeta la Bach," baba aliniambia. "Nimesoma, bomba lake ni pana."

Nikamwomba tupate matatu ya kujaribu: Bach 37 lililotumika, Yamaha 4335G jipya, na moja la fedha linalong'aa, la bei ya chini. Upana wa bomba la Bach na la Yamaha ni karibu sawa, milimita 11.65 hivi. Hoja ya baba ikaishia hapo.

Tuliyaacha matarumbeta chumbani yapate joto sawa, maana kiyoyozi hupoza shaba na sauti ikashuka. Kijana alitumia kile kikombe cha mdomoni alichokizoea katika yote matatu, ili tusikisifu kikombe tukidhani tunasifu tarumbeta. Baba na mimi tukageukia ukuta. Sikumtaka kijana apige kwa nguvu, kwa sababu kwa nguvu kila tarumbeta hujisifu. Nilimwambia ashike noti moja ndefu, polepole, mpaka ififie.

La fedha lilikatika njiani. Bach lilikuwa na sauti nene, lakini ilitikisika kila ilipofifia. Mama mtu, aliyekuwa jikoni na hakujua lipi ni lipi, akasema kwa sauti: "Hilo la pili, mwalimu, mtoto hahangaiki nalo." La pili lilikuwa Yamaha.

Nikalikagua Bach pia. Nilichomoa bomba la vali ya pili bila kubonyeza; lingekuwa linabana vizuri lingetoa mlio wa kupasuka, lakini lilitoka kimya. Kwenye bomba la kupulizia palikuwa na madoa mekundu, dalili kwamba zinki imeanza kuliwa na kubaki shaba tupu. Jina kubwa halizibi bomba lililooza.

Muuzaji mmoja wa matarumbeta aliwahi kuniahidi kamisheni kwa kila mzazi nitakayempeleka. Nilikataa, kwa kuwa mwalimu anayelipwa na duka hasikii tena noti ikitikisika. Ujira wangu ulitoka kwa baba, na nilimwomba aulipe kabla hatujachagua. Yule kijana alihamia orkestra ya shule yake muhula uliofuata, na kazi yangu kwake ikarudi pale pale: noti ndefu, kila jioni, kabla ya wimbo wowote.