Ndiyo, Nafanya Masaji. Sasa Maliza Kucheka Tuongee

Nikisema kazi yangu ni masaji, kuna kicheko fulani hunijibu kwanza. Vijana wanaangaliana, halafu mmoja lazima aulize, "Masaji gani sasa?" na jicho amelilegeza. Mathe naye amejitafutia njia yake. Akiulizwa kanisani, anasema niko saluni. Si uongo kabisa, juu nilianzia kwa kinyozi hapa Kanduyi, karibu na steji.

Kama umewahi kunyolewa kwa kinyozi Kenya hii, hiyo kazi unaijua. Jamaa akishazima mashine, mimi naosha kichwa kwa maji ya moto, nafunika uso na taulo, halafu nakanda mabega na shingo dakika kama tano. Hapo hakuna mtu hucheka. Nimekanda wazee wa heshima, wahubiri, walimu, wote wanasinzia mbele ya watu na mate yanataka kutoka. Wasee, hiyo ndiyo masaji. Tofauti ni kwamba siku hizi nina chumba changu chenye pazia, na hilo pazia ndilo linawasumbua.

Sitawadanganya. Kuna nyumba zinaandika masaji mlangoni na ndani wanauza kitu kingine. Zipo, na zinatuharibia. Nishapigiwa simu saa nne usiku na mtu anauliza kama "huduma ni yote". Nakata.

Wateja wangu wengi ni watu wa boda na madereva wa lori wanaoelekea Malaba. Mtu ameshika usukani tangu Mombasa, mgongo wa chini umekuwa ubao. Huyo namwanzia na ile inaitwa ya Kiswidi: mafuta, mikono inapita polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, halafu kukanda kama unga wa chapati. (Sweden kwenyewe hawaiiti hivyo, kwao ni masaji ya klasiki tu.) Misuli ikishapata joto ndio naingia ile ya kina, ya kiwiko na kidole gumba, pale palipokaza. Hapa wanaume wananichosha. Wanadhani lazima uumie ndio ifanye kazi. Ndugu, ukianza kushika pumzi na kuuma meno, misuli inajikaza zaidi na mimi nasukuma ukuta. Niambie nipunguze.

Halafu kuna wale huniambia masaji ni anasa za watu wa Nairobi. Enda Iten uone. Wakimbiaji wanaotuletea medali hukandwa miguu kama sehemu ya mazoezi, vile wewe huweka nduthi oili. Na kama shida yako ni kuvua nguo, kuna ya Kithai: unalala kwa mkeka ukiwa umevaa, hakuna mafuta, unavutwa na kukunjwa mpaka viungo vifunguke. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2019. Pwani nao wana singo ya bibi harusi, na mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Hata huku kwetu, kukhu ndiye alimkanda mathe nilipozaliwa. Hakuna aliyemuuliza kukhu "masaji gani sasa?"

Faida? Inapunguza maumivu ya mgongo kwa muda, inatuliza misuli baada ya mpira au shamba, inashusha wasiwasi, na watu wengi hulala vizuri usiku huo. Haiyeyushi kitambi. Haitoi "sumu" mwilini pia. Hiyo ni kazi ya ini na figo, na hazilipishi. Na usiniombe nikuzungushe shingo mpaka ilie. Mishipa inayopeleka damu kwa ubongo inapita hapo, na mimi sitaki kesi.

Sasa hii ndiyo ilifanya nikaandika. Juzi mama mmoja aliingia asubuhi, ameshuka basi la usiku kutoka Nairobi. Alikuwa anachechemea. Akakaa, akapandisha rinda, akasema, "Msichana wangu, nifinye hapa, ni uchovu wa gari tu." Mguu wa kushoto ulikuwa umefura kwenye shavu, wa kulia uko sawa. Nikaweka mkono juu tu, bila kufinya. Ulikuwa moto. Akashtuka kwa uchungu.

Kitale nilikosomea, mwalimu wetu alirudia hilo jambo mpaka tukachoka naye: mguu mmoja umefura, una joto, unauma, na mtu ametoka kukaa muda mrefu, usiuguse. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ukikanda, donge linaweza kung'oka likaenda mpaka kwa mapafu, na mtu anaweza kukufia hapo kitandani.

"Mama, huu sitaukanda. Twende hospitali."

"Si nimekuja na pesa yangu? Kumbe hujui kazi."

Tulibishana. Mwishowe nikaita gari, nikalipa mimi, nikafunga chumba tukaenda. Walimpima na ile mashine wanatumia kwa wajawazito. Ilikuwa damu imeganda kweli, wakamwanzishia dawa za kuzuia isigande zaidi. Mimi nilirudi nikakaa kwa ngazi kama nusu saa, mikono inatetemeka. Juu mwaka juzi, kabla nisome, nikiwa bado kwa kinyozi, ule mguu ningeufinya kwa nguvu zangu zote. Na ningempatia nyongeza ya bure.

Kwa hivyo ukija kwangu, au uende kwa mwingine, swali si "masaji gani sasa?" Niulize nilisomea wapi. Niulize ni mtu yupi huwa namrudisha nyumbani bila kumkanda. Akikosa jibu, vaa viatu.

Mathe bado anasema niko saluni. Lakini Jumapili jioni, akishatoka kanisani na kubadilisha nguo, anakuja kwa chumba changu, anavuta pazia mwenyewe, analala kifudifudi na kuniambia mabega, hapo juu, na nisiambie mtu.