Simu Mkobani

Tulikuwa Ngome Kongwe, tamasha la Sauti za Busara, tumekaa nyuma kabisa. Bi Kidude alipopanda jukwaani, sote tukanyanyua simu. Tukaivuta picha karibu, ikazidi chenga. Tukawasha flashi, ikamulika mitandio ya waliokaa mbele yetu tu. Kuja kushusha simu, wimbo umekwisha.

Aprili 2013 Bi Kidude akafariki. Tukazitafuta zile picha: kitone cha mwanga gizani, basi. Mama akatuuliza, "Siku ile alipiga ngoma, au aliimba tu?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua, na sote tulikuwapo.

Sasa tumekubaliana: picha moja, kisha simu mkobani. Macho na masikio ni neema, na tutakuja kuulizwa tuliyatumiaje.