Rangi za Uwanja wa Amahoro

Wanafunzi wenzangu wengi hupenda kupiga picha za majengo ya Kigali kwa rangi nyeusi na nyeupe. Wanasema jengo hupata heshima, na ni kweli: rangi zikiondoka, macho hufuata umbo, mwanga na kivuli. Kuba la jumba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, hupendeza sana likipigwa hivyo.

Hapa Remera, hata hivyo, Uwanja wa Amahoro ninaupiga kwa rangi zake. Mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Picha nyeusi na nyeupe humwambia mtazamaji kwamba hayo ni mambo ya kale, ya watu waliokwisha kufa. Shangazi yu hai. Hadi leo anakumbuka kitenge cha kijani cha mama aliyemgawia maji.

Mwaka 2024 uwanja ulifunguliwa upya, ukiwa na viti 45,000. Vijana huingia wakishangilia, na hiyo ni haki yao. Nataka picha yangu iseme kwamba wanaoshangilia leo na waliojificha wakati ule wanaishi mtaa mmoja.