Mama mkwe ataka njiti apewe uji, mkwe agoma! Kumbe mtoto ana bethidei mbili

Jamani, kuna ndoa zinatikiswa na kikombe cha uji! Mdada mmoja wa Bukoba mjini, ana kaduka ka vipodozi, alijifungua wiki ya 30 badala ya 40. Njiti wa wiki hizo kunyonya hajui bado, maana kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 34 hivi. Ikawa kukamua maziwa, mpira wa puani, baadaye kikombe kidogo, usiku na mchana. Muda mwingine wote mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ile wanaita kangaruu. (Ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi.) Na maziwa ya mama wa njiti, wiki za mwanzo, yana protini nyingi kuliko ya aliyefikisha miezi tisa. Mungu fundi bwana.

Balaa lilianza nyumbani. Mama mkwe kashuka na haisi kutoka Muleba, mkungu wa ndizi huo.

"Mwanangu, miezi minne hata shingo haijakaza? Maziwa yako mepesi hayo. Mpe uji."

Mume kimyaaa, macho kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja na wake, mnene huyo, shingo imesimama. Wiki nzima hakumtetea mkewe.

Mdada hakujibizana. Akamwomba mama mkwe wasindikizane kliniki. Nesi akapiga hesabu mbele yake: miezi minne toa wiki 10, inabaki miezi miwili kasoro. Sasa mtoto wa miezi miwili kasoro shingo itakazaje? Njiti anahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili hivi. Alichokosa ni madini ya chuma, ambayo mtoto huyajaza zaidi miezi mitatu ya mwisho tumboni, na ubongo unayahitaji. Akaandikiwa dawa ya chuma. Uji ungejaza tu katumbo, maziwa yakose nafasi.

Leo dogo ana mwaka na miezi miwili, anasimama kwa kushika stuli. Ndizi anapondewa na maharage na dagaa wa ziwani, maana ndizi tupu chuma yake ndogo. Dagaa analeta nani? Mama mkwe huyo huyo, kutoka Muleba.

Mume ndio bado hajaomba msamaha kwa ule ukimya wake, na mdada hajasahau.