Trauti Hataki Haraka

Julai ikifika wengi wetu hukumbatia jiko la makaa na kikombe cha chai. Mimi huvaa gambuti na sweta mbili, nikashika njia ya mtoni. Majirani hunitazama kwa huruma. Ngoja nikueleze.

Katika mito ya baridi inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, kama vile Sagana, Thego na Gura, huishi samaki aitwaye trauti. Si mwenyeji. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, enzi za mkoloni, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura.

Huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu. Nzi huyo ni mwepesi mno kurushika peke yake. Mshipi mnene ndio unaombeba.

Sasa sikiliza siri ya baridi. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa sana, trauti hulegea, hula kidogo, wala hafukuzii chakula mbali. Hukaa chini, kwenye vidimbwi vya kina ambako mkondo umetulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: funga nzi mwenye uzito, mwache asafiri polepole karibu na mawe ya chini. Wala usijisumbue alfajiri. Nenda saa tano au saa sita, jua likishapasha maji kidogo.

Mjomba aliyenifunza haya alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniambia, "Huyu samaki ni kama mgeni mstaarabu. Ukiona ameondoka bila kuaga, jua nyumba imechafuka."

Basi ameanza kuondoka. Kidimbwi alichonionyesha mjomba kilikuwa kikinifika kifuani. Kiangazi kilichopita maji yaliniishia magotini. Pampu za kunyunyizia mashamba zimepangana ukingoni, na miti iliyokitia kivuli imekatwa. Trauti hahimili maji ya moto wala ya tope.

Simlaumu mkulima, kwani kabichi zake nazila. Lakini msomaji, maji ya Sagana ndiyo yanayoingia Tana, na huko Garissa kuna mama anayeyangoja na ndoo yake. Mto ukimshinda trauti huku juu, huko chini kutakuwaje?

Kijana wangu ana miaka kumi na mitatu. Likizo ya Agosti tutalipia leseni, twende naye mtoni, ajifunze subira na amjue samaki huyu angali yupo. Nawe, ikiwa shamba lako limepakana na kijito, acha ukingo bila kulima, na upande miti ya kienyeji badala ya mikaratusi. Huhitaji ndoana kwa kazi hiyo.