Mizani ya Hewa na Petroli

Nyakahura ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, katika barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kwa mtu wa pwani huko ni mbali: kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Tena ni juu. Ziwa Viktoria, ambalo nchi ile imelizidi kimo, lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa yapata asilimia 12 ukilinganishwa na ule wa Forodhani. Pua ya msafiri haiutambui upungufu huo. Injini yake huutambua.

Ndiyo maana gari kuukuu la kabureta, lililorekebishwa vyema na fundi hodari wa pwani, huweza kufika Nyakahura likinuka petroli kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Huenda hakuna kilichovunjika. Kabureta imeendelea kupima kwa kipimo cha baharini, ilhali hewa imekuwa nyepesi. Injini huhitaji kilo 14.7 za hewa ili kuunguza barabara kilo 1 ya petroli. Wapenzi wa ushairi hawatalistaajabia jambo hilo. Katika mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, mizani moja ikizidi, sikio hulalamika kabla akili haijajua ni neno lipi lenye kosa. Petroli iliyokosa hewa ya kuungana nayo haiungui ikaisha. Sehemu yake hutoka kama ilivyoingia, na hapo pua hufanya kazi ya sikio. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi, pamoja na kurekebisha skrubu ya mchanganyiko.

Gari la kisasa lenye nozeli na kompyuta halina udhuru huo, kwani hujipimia hewa na kupunguza petroli kadiri linavyopanda. Likinuka, kuna hitilafu, na hitilafu hutafutwa kwa utaratibu.

Kwanza huulizwa harufu yatoka wapi, na wakati gani. Petroli ikidondoka chini ya gari, hilo si suala la ekzosi: injini huzimwa papo hapo na moto wowote huwekwa mbali. Harufu ya asubuhi idumuyo dakika chache si ugonjwa. Injini baridi huongezewa petroli ili iwake, na yale masega yaliyomo ndani ya ekzosi, yenye kazi ya kusafisha moshi, hayafanyi kazi sawasawa mpaka yapate moto. Harufu inayobaki baada ya injini kupata moto ndiyo ya kushughulikiwa.

Kisha hufunguliwa plagi, zikapangwa kwa mfuatano wa silinda zake. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Zikiwa zote nyeusi kwa masizi makavu, kosa ni la injini nzima: huenda filta ya hewa imezibwa na vumbi, au kiwambo cha reguleta ya mafuta kimepasuka, au sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini ingali baridi. Katika magari ambayo reguleta yake ina mpira mwembamba wa hewa, kuipima hakugharimu kitu: mpira huo huchomolewa, na ukikutwa na petroli ndani, kiwambo kimekwisha. Lakini ikiwa ni plagi moja tu iliyolowa, kosa ni la silinda hiyo: ama cheche haifiki, ama nozeli inavuja. Kama kila silinda ina koili yake, fundi huihamishia koili ya silinda hiyo kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama nayo, mkosaji amejulikana.

Hapa ndipo wengi hupotea. Sensa ya oksijeni, iliyomo katika njia ya moshi, hainusi petroli, hunusa oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake nayo hutoka bila kutumika. Sensa huikuta hewa hiyo na kuarifu kwamba hewa imezidi, na kompyuta, kwa kuiamini, huongeza petroli. Shahidi amesema kweli tupu, na hukumu imepotoka. Anayeishia kusoma taarifa ya mashine ya kupimia hung'oa sensa nzima na kuweka mpya. Mwenye gari hulipa, na harufu hubaki pale pale. Katika mji mdogo wa njiani, ambako kipuri huenda kikasubiriwa kwa basi, kubahatisha namna hiyo huweza kumaliza nauli ya kurudi.

Wako wanaosema harufu haizuii gari kwenda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega, yakapata moto kupita kiasi hata yakayeyuka. Na gari la namna hiyo likiegeshwa juu ya nyasi kavu huweza kuzua moto. Zaidi ya hayo, injini yenye petroli iliyozidi hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa bara una baridi, na dereva aliyechoka hushawishika kufunga vioo na kulala injini ikiunguruma. Ekzosi ikiwa imetoboka, huenda asiamke. Harufu ya petroli, kwa hiyo, ni onyo la heri: sumu iliyo kubwa kuliko zote haitoi onyo lake yenyewe.

Hitilafu ikishaondolewa, gari huendeshwa siku chache, kisha plagi hutazamwa tena. Rangi ya kahawia ndiyo uthibitisho. Na yule mwenye kabureta aliyebadilishiwa jeti asisahau kuirudisha ya zamani atakaposhuka pwani. Huko hewa ni nzito, petroli itakuwa haba, na injini itachemka bila kutoa harufu yoyote.