Hewa Isiyopimwa Huua Injini

Leo nazungumza na wewe kijana mwenye gari la turbo, na wewe mzazi uliyemwachia kijana ufunguo. Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuingia kwenye huduma nilishika spana kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo niruhusu leo niongee kama fundi. Soma mpaka mwisho, kisha umtumie kijana mmoja unayempenda.

Injini hupumua. Tunasema gari linakula petroli, lakini kwa kila kilo moja ya petroli injini huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Lita moja tu ya mafuta huchomwa pamoja na zaidi ya lita 9,000 za hewa. Na sisi tunaoishi Nairobi, hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 15 kwa sababu ya mwinuko. Basi kijana anayetaka gari lake lipumue vizuri hajakosea. Ukiipa injini hewa nyingi na mafuta ya kuilingana, itakupa nguvu. Shida iko mahali pengine.

Majuzi kijana mmoja wa kanisani alinijia. Ana Subaru Impreza WRX aliyoachiwa na marehemu babake. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 35,000, na pale Kirinyaga Road ameonyeshwa bomba pana la alumini na filta ya koni, ile inayokaa wazi bila boksi. Akaniambia, "Pasta, gari litapumua, na mtaa wote utasikia." Nikamuuliza, "Mama anaenda hospitali na gari gani?" Akanyamaza. Mamake husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na gari ni hilo hilo. Nikamwambia, "Kijana wangu, fungua boneti tuangalie pamoja kwanza."

Na wewe msomaji, njoo tuangalie. Lile tundu kubwa juu ya boneti ya WRX, wengi hudhani ndilo pua la injini. Sivyo. Hilo hupeleka upepo juu ya intakula ili ipoze hewa ambayo turbo imeshaibana na kuipasha moto. Hewa ya kuvuta huingia kwa mbele karibu na grili, hupita kwenye boksi la filta, halafu kwenye sensa ndogo, kisha hufuata bomba la mpira hadi kwenye turbo.

Hiyo sensa usiidharau. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita hukipoza, na kompyuta ya gari hupima umeme unaohitajika kukirudishia joto lake. Kwa kipimo hicho hujua ni hewa kiasi gani imeingia, na inyunyize petroli kiasi gani. Lakini kipimo hicho kilitengenezwa kwa upana wa bomba lile lile la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa hupita pale polepole. Sensa itaripoti kidogo huku injini ikivuta nyingi, na kompyuta itatoa petroli pungufu.

Ukiendesha taratibu huenda usione kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husaidia kusahihisha. Ila siku utakapokanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta hutegemea hesabu iliyoandikwa ndani yake, na hesabu hiyo sasa ni ya uongo. Mafuta yakiwa pungufu, moto huzidi ndani ya silinda, injini huanza kugonga, na pistoni hupasuka pale kwenye ringi. Nimezishika pistoni za namna hiyo kwa mikono yangu. Gari linalia vizuri Ijumaa, Jumatatu liko juu ya breki-dauni.

Halafu kuna joto. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 3, hupungua uzito kwa takriban asilimia 1. Koni iliyoachwa wazi karibu na turbo huvuta hewa ya moto kutoka chini ya boneti, hasa ukiwa umekwama kwenye foleni. Kwa hivyo kijana analipa pesa ili gari lipumue hewa mbovu kuliko ile ya boksi alilolitoa. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele. Mpendwa, andika hili mahali: sauti siyo nguvu.

Wengine hulikwepa joto kwa kuishusha filta mpaka nyuma ya bampa, karibu na lami. Hewa ya pale kweli ni baridi, lakini ngoja mvua za Aprili. Maji hayabanwi kama hewa. Yakivutwa ndani ya silinda, hupinda mkono wa pistoni. Magari ya Subaru yaliyoshindana Safari Rally miaka ya tisini yalivalishwa bomba refu la kuvutia hewa lililopanda hadi kwenye paa, kwa ajili ya maji na vumbi letu. Wao walipandisha pua, wewe unaishusha?

Nikukumbushe jambo la mwaka 1995. Sheria ya mashindano ya dunia ya mbio za magari ilitaka hewa yote ya turbo ipite kwenye kizuizi chenye kipenyo cha milimita 34. Kwenye mbio za Catalunya, Hispania, wakaguzi waligundua kwamba timu ya Toyota ilikuwa imebuni kizuizi kinachosogea kwa siri kikifungwa, hewa ikapenya pembeni. Kilipofunguliwa kukaguliwa, kilirudi mahali pake. Ulikuwa ufundi wa ajabu, lakini timu ilinyang'anywa pointi zake zote za mwaka huo na kufungiwa miezi 12. Taji la madereva lilichukuliwa na Colin McRae ndani ya Impreza, ndugu mkubwa wa gari la kijana wetu, akipumua kupitia milimita 34 zile zile.

Sasa, kwa kijana wetu tulipata nini? Lile bomba la mpira kati ya sensa na turbo lilikuwa na ufa upande wa chini, usioonekana mpaka ulikunje. Tayari injini ilikuwa ikivuta hewa ambayo sensa haijaihesabu, na gari lilikuwa likimpeleka mamake hospitali hivyo hivyo. Tulibadilisha bomba na klipu zake, tukaweka filta mpya ya aina ile ile ya kiwandani, tukasafisha sensa kwa dawa yake. Akiba yake nyingi ilibaki. Akitaka nguvu zaidi, nimemwambia aende kwa fundi mwenye mashine ya kupima nguvu za injini, abadilishiwe bomba na hesabu ya kompyuta siku hiyo hiyo, filta ikae ndani ya boksi lililofungwa na livute hewa ya nje.

Mpendwa, sikukatazi kuongeza. Hata nafsi hutafuta nafasi ya kupumua. Ila kila unachokiingiza, kwenye gari au kwenye nyumba yako, kipitie mahali kinapopimwa. Kabla ya kununua bomba jipya, pitisha kidole kwenye lile la zamani. Huenda ufa ulishaanza.

Ubarikiwe, na uendeshe salama.